Kiti cha Kushoto

Mtu aliyeniuzia gari hili alijaribu kwanza kunikataza. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi pale Londiani, mtu mpana anayevaa koti la mvua hata siku ya jua, na gari lenyewe lilikuwa ndani ya stoo yake, nyuma ya magunia. Gari la spoti, la viti viwili tu, jekundu, rangi imepauka upande mmoja uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani, paa lake la turubai la kukunjwa nyuma. Mwanawe alilinunua Nairobi, akalileta nyumbani watu walione, kisha akapata kazi ng'ambo akaliacha hapo. Kuku walikuwa wameshalizoea.

"Umesema unatoka Kiptere," akaniambia. "Kule ni vilima na matope. Chukua hiyo pikapu iko hapo nje. Hii utabeba nini nayo?"

"Mimi mwenyewe."

"Na majani chai?"

"Majani yana lori lake."

Akanitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekataa kunywa maji. "Haya. Angalia vizuri basi. Usirudi hapa kuniambia nilikuficha kitu."

Nikaangalia vizuri. Hilo ni jambo ninaloliweza. Nilimaliza kidato cha nne, na kabla matokeo hayajatoka nilikuwa juu ya lori la mbao kuelekea Eldoret. Tangu hapo nimeendesha karibu kila kitu chenye usukani: malori ya saruji kwenda Kampala, gari la watalii Narok, tingatinga la kutengeneza barabara Turkana. Kwa hiyo nililala kifudifudi kwenye sakafu ya stoo nikamulika chini kwa tochi. Nikagonga kingo zilizo chini ya milango kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza kama kuna kutu iliyopakwa rangi juu. Nikainua kapeti nikaingiza mkono, maana gari la paa la turubai huanza kuoza miguuni: vijitundu vya kutolea maji ya mvua vikiziba, maji yote hutafuta sakafu. Kapeti ilikuwa kavu. Nikafungua kifuniko cha oili, sikuona ule utando mweupe unaokwambia maji na mafuta vimekutana. Tukaazima betri ya pikapu, injini ikakohoa moshi mweusi, ikatulia. Nikalipandisha mlimani kwa gia ya tatu macho yangu yakiwa kwenye kipimo cha joto. Mshale ulifika katikati ukakaa hapo kama umepigwa msumari.

Watu wengi hudhani gari la spoti ni la matajiri. Likiwa jipya, ndiyo. Likishazeeka, katika nchi ambako gari hupimwa kwa magunia na watu linaoweza kubeba, halina mtu. Hili lilikuwa rahisi kuliko ile pikapu, tena kwa mbali. Injini yake ni ndugu wa injini za saluni za kawaida, kwa hiyo breki, plagi na mikanda unapata Kericho mjini bila kuzunguka. Ni jepesi, halinywi sana. Cha kuogopa ni bodi tu. Taa ikivunjika au turubai likichanika, jiandae kusafiri hadi kwa wauza vipuri vya mitumba Nairobi na kurudi mikono mitupu mara ya kwanza.

Lakini sikulinunua kwa hesabu hizo peke yake. Nilipokuwa mdogo, magari ya mashindano yalipita barabara yetu ya changarawe. Tulisimama juu ya ukingo wa shamba la chai tangu alfajiri, tukasikia mlio ukitoka bonde la pili, ukapotea, ukarudi karibu zaidi, na mara kitu kikapita kikitumwagia matope mpaka kwenye meno. Nilitaka kwenda kule kilikokwenda kile kitu. Nadhani ndicho nilichokuwa nikifanya miaka yote iliyofuata. Sasa baba alikuwa ameshafariki, mama alikuwa amebaki peke yake na shamba, nami nimerudi nyumbani. Nilijijua vya kutosha kujua kwamba bila kitu kama hiki cha kunitoa nje jioni, kuzunguka hadi Sondu au Litein na kurudi, ningeamka siku moja nimefunga begi. Mama alijua pia, ingawa hakulisema.

Siku nilipolifikisha nyumbani alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso, akalizunguka taratibu.

"Ile nusu nyingine umeacha wapi?" akauliza.

"Ndilo lote, mama."

"Na nikiugua nitalala wapi?"

"Utakaa. Kiti kinalala kidogo."

Aliingia, akatoka, akasema ni kama kukaa kwenye karai. Hata hivyo aliwaita majirani, wakaombea gari, wakanywa chai. Wanaume walipenda boneti, wanawake walicheka buti, ambamo kreti moja la soda lingeingia kwa kubembelezwa.

Kulifikisha nyumbani ni kazi kubwa kuliko kulinunua. Kwetu kuna njia mbili za kutoka lami. Moja ni barabara ya lori la majani, linalopita kila siku kuchukua chai kwenye kituo. Matairi yake yamechimba mitaro miwili, na katikati pamebaki tuta. Gari la kawaida hupita. Langu, tumbo lake hukaa juu ya tuta na magurudumu yakabaki yananing'inia. Njia ya pili inapita kwa jirani yetu, pembeni ya nepia yake, majani marefu ya kulisha ng'ombe, juu ya nyasi fupi na udongo mgumu. Jirani huyo alihamia kutoka upande wa Bomet miaka niliyokuwa mbali. Nilimkuta tu hapo kama nilivyokuta stima na mabati mapya. Mama aliniombea njia kwake, naye akasema gari dogo hivyo halina neno, lipite.

Nikalizoea maisha ya chini kabisa ya barabara. Jeki haiingii chini yake mpaka kwanza ulipandishe juu ya vibao viwili. Nilichomelewa bamba la chuma la kulinda sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na fundi mmoja wa Kapsoit. Kila Jumapili baada ya kanisa nilizibua vile vijitundu vya maji kwa waya wa breki ya baiskeli, kwa sababu mvua ya Kericho haina likizo. Gari lilinilipa. Asubuhi za baridi liliwaka mara moja, na kwenye kona za mashamba makubwa ya chai, pale barabara inapojikunja huku na kule na kijani kimekatwa sawasawa pande zote kama meza, lilikwenda kana kwamba limefungwa kamba na lami.

Taabu yake ilikuwa kiti cha kushoto.

Huku kwetu gari halipiti watu. Ukiwa na nafasi na mtu amesimama pale njia panda ya kuelekea Kericho, unasimama. Asiyesimama anaongelewa mpaka kwenye mazishi. Mwenye gari la kawaida hupakia wanaoingia, na wanaobaki huona gari limejaa, hawana la kusema. Mimi nilikuwa na nafasi moja. Kila asubuhi niliposimama nilikuwa nikichagua mmoja mbele ya macho ya wengine wote. Nikajiwekea sheria: anaingia mzee kuliko wote, basi. Niliona ni sheria ambayo hakuna mtu angeweza kuipinga. Kweli ilifanya kazi vizuri, hata wazee wakaanza kuwa wengi pale njia panda, wengine hawakuwa na safari yoyote.

Siku moja ya soko nilikuta wanne wamesimama. Wawili walikuwa wanawake vijana. Wa tatu alikuwa jirani yetu, yule mwenye njia, amesimama wima, nywele nyeusi, mikono nyuma. Wa nne alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe tupu, ameegemea fimbo. Sikufikiri hata kidogo. Nilimfungulia mlango yule wa nywele nyeupe.

Akaingia upesi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa fimbo. Akavuta mkanda, akaufunga mwenyewe, akatazama mbele.

"Twende," akasema. Tulipoanza kuondoka akaongeza, "Lakini usikimbie. Pita polepole hapa."

Nikapita polepole. Alikuwa akitabasamu. Nilidhani amependa gari.

Jioni nilikuta magogo mawili ya mkaratusi yamelazwa kwenye njia, mbele kidogo ya lango la jirani, moja juu ya jingine. Hayakuwa yameanguka. Yalikuwa yamepangwa.

Nikarudi nyuma nikajaribu barabara ya lori. Nilipanda gurudumu moja juu ya tuta na jingine kwenye ukingo, nikaenda hivyo vizuri mpaka mahali ukingo ulipomeguka. Gari likaketi. Wachumaji chai waliokuwa wakishuka kutoka kituoni wakaweka vikapu vyao chini, wakalishika pembe zote.

"Ni jepesi," mmoja akasema. "Ningelijua ningelibeba kwa kichwa."

"Mwulize kama linanyonya bado," mwingine akajibu.

Wakaliinua, wakaliweka pembeni, nikalirudisha lami. Usiku huo na siku zilizofuata lililala sokoni, nyuma ya duka la mbolea. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Gari la turubai haliachwi nje sokoni masika yote. Ama ningepata ile njia, ama ningeliuza kabla ya mvua. Nilimpigia simu yule wa viazi kuuliza kama pikapu bado ipo. Akacheka, akasema ipo.

Mama alinisikia nikipiga simu hiyo. Alikuwa akichambua mboga, akaendelea kuchambua.

"Unajua ulichofanya?" akauliza.

"Nilichukua mzee."

"Ulichukua mtoto ukaacha baba yako barabarani."

"Mtoto gani, mama? Yule nywele zake ni nyeupe zote."

"Nywele hazitahiriwi." Akaweka sufuria chini. "Huyu jirani ni rika la baba yako. Yule uliyembeba ni rika la nyuma yake, kijana kwao. Na yeye alijua. Angepaswa kumwambia mkubwa wake aingie. Badala yake alikaa kama gavana. Tangu siku hiyo anasimulia soko lote jinsi ulivyomchagua."

Kwa mtu ambaye si wa huku huenda jambo hili likaonekana dogo. Waliotahiriwa rika moja na baba yako ni baba zako. Haijalishi damu, haijalishi anatoka Kericho au Bomet. Mimi nilikuwa nimemtazama mtu mwaka mzima nisijue ni baba yangu, kwa sababu ya rangi ya nywele.

"Nitaenda nimwombe radhi," nikasema.

"Utaenda ukaongee naye kama nani? Wewe ni mtoto. Utasimama mlangoni, atakwambia amekusamehe, na magogo yatabaki pale pale. Anahitaji mtu wa rika lake akae naye, amwambie mambo usoni."

Kwenye kilima chetu rika hilo lilikuwa limekwisha, isipokuwa mmoja asiyetoka kitandani. Lakini mama alijua kwamba jirani alikuwa na mwenzake Silibwet, kule Bomet, walitahiriwa pamoja, na kwamba hawakuwa wameonana muda mrefu kwa sababu ya goti la huyo mwenzake. Alitafuta namba kwa watu wa kanisa, akazungumza naye mwenyewe, akaniambia niende kesho yake.

Niliondoka asubuhi paa likiwa limekunjwa. Kapsoit, Kericho, kisha kushuka kuelekea Litein, ukungu bado umelala mabondeni na wachumaji wameingia mashambani na aproni zao za plastiki. Nilijua gari lile sasa kama ninavyojua mkono wangu. Nilishuka kona kwa gia ya tatu bila kugusa breki, nikapita Kaplong, nikapinda Bomet, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya barabarani nilikuwa natamani safari iishe nirudi nilikotoka.

Mzee wa Silibwet alikuwa mdogo wa mwili, amevaa koti kubwa na kofia iliyofungwa kwa skafu isipeperuke. Inaonekana mama alimweleza kila kitu. Alilitazama gari kutoka mbele, kisha kutoka nyuma.

"Kuingia nitaingia," akasema. "Kutoka je?"

"Nitakuvuta, mzee."

"Kama ndama," akasema. "Sawa. Umeshawahi kuvuta ndama?"

"Nimewahi."

"Basi twende."

Nilitaka kufunga paa kwa ajili ya baridi, akakataa. Njiani kote alikuwa akiinua mkono kwa watu asiowajua, na wote wakaitikia. Alinisimulia jinsi yeye na jirani yangu walivyochunga pamoja, jinsi jirani alivyokuwa mbishi tangu hapo. Alipochoka kusimulia aliuliza maswali kuhusu Turkana, akataka kujua ngamia wanakula nini. Hakutaja magogo hata mara moja.

Tulipofika niliegesha langoni kwa jirani, magogo yakiwa mbele yetu, nikamvuta mzee kutoka kitini kama tulivyokubaliana. Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama. Wale wawili walisalimiana kwa muda mrefu, chamge juu ya chamge, wakishikana mikono, kila mmoja akimwambia mwenzake jinsi alivyozeeka.

"Wewe bado unapaka nywele rangi ya viatu," wa Silibwet akasema.

"Na wewe bado unalilia goti upate huruma."

Tukaingia. Mama alikuwa ameshafika na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, ameketi na mke wa jirani. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango. Ikaja chai. Wakaongea ng'ombe, wakaongea bei ya mbolea, wakaongea nani amekufa. Chai ya pili ikaja. Nilikunywa nikingoja wakubwa wanipe nafasi, kama mtoto anavyofundishwa. Hilo sikuwa nimelisahau.

Hatimaye wa Silibwet akaweka kikombe chini. "Nimeona miti imelala njiani hapo nje. Ni upepo?"

"Upepo," jirani akasema.

"Ulitoka upande gani?"

"Ulitoka kwenye gari dogo jekundu."

Mke wa jirani akacheka, akaziba mdomo. Wa Silibwet hakucheka. "Huyu mtoto wetu alikosa. Amekuja kunichukua kwa mikono yake, amenileta. Mwambie kosa lake mbele yangu, alijue."

Kwa mara ya kwanza jirani alinigeukia.

"Unadhani ni kiti," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nina miguu. Nilikwenda sokoni siku hiyo nikarudi. Yule kijana mwenye fimbo anaweza kukaa humo mpaka azeeke kweli." Akaonyesha njia kwa kidevu. "Unapita kwangu kila asubuhi. Unaniinulia mkono, mimi nakuinulia. Mwaka mzima hujawahi kuzima injini ukashuka ukaniuliza mimi ni nani na nilitoka wapi. Ndiyo maana hukujua."

Maisha yangu nimepita kwenye milango ya watu wengi nikiinua mkono. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweka magogo.

"Basi aulize sasa," wa Silibwet akasema. "Tumekaa."

Nikauliza. Jirani alijibu kuanzia mwanzo kabisa, kwa baba yake, na mwenzake akimkatiza kumrekebisha, na yeye akikataa kurekebishwa. Alisimulia shamba la kwanza, ng'ombe waliokufa mwaka wa ukame, jinsi alivyofika Kiptere kununua kipande hiki na kumkuta baba yangu akichimba mtaro, na baba yangu, bila kumjua, akamuuliza rika lake kabla ya kumuuliza jina. Hilo sikuwahi kulisikia. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Mabati yakaanza kulia. Matone machache makubwa, kisha mengi.

"Gari lako liko wazi," jirani akasema.

Nikatoka mbio, nikavuta turubai, nikabana ndoano. Nilipogeuka jirani alikuwa kwenye baraza, ameshika gunia juu ya kichwa.

"Toa hiyo miti," akaniambia.

"Peke yangu?"

"Niliiweka nikiwa na hasira. Sasa sina tena hiyo nguvu."

Nikaibingirisha kwenye nepia, moja baada ya nyingine, matope mpaka magotini. Nilipomaliza jirani alikuwa ameshafungua mlango wa kushoto. Aliingiza mguu mmoja, akafikiri, akaingiza mwingine. Mwenzake alipaza sauti kutoka ndani kwamba yeye ameshapanda vya kutosha, atabaki na chai.

"Endesha," jirani akasema. "Kaa kulia kidogo. Hapo kushoto pana jiwe, nililifukia mwenyewe. Sasa nyoosha. Usikanyage mafuta, liache liende."

Nimeendesha na watu wengi wa kunielekeza, na wengi wao nilitamani kuwashusha. Huyu alijua kila hatua ya udongo wake. Tukapita nepia, tukapita mtaro, tukafika uani kwetu bila tumbo la gari kugusa kitu.

Mama alitufuata kwa miguu, mwavuli juu ya kichwa, na alipofika alimkuta jirani bado amekaa ndani. Akainama dirishani.

"Anaendesha vizuri," jirani akamwambia. "Ila anaongea kidogo."

"Atazoea," mama akasema.

Kisha akasimama pale mvuani akitazama uwanja, kutoka zizini mpaka kwenye tangi la maji, kama mtu anayepima kwa macho. Akanionyesha kwa kidole kona iliyo mkabala na dirisha la jikoni. Akasema banda la gari lijengwe pale, liwe na mlango mpana, nianze kuchimba mashimo ya nguzo mvua ikikatika.

Siku ya pili yake nilimpigia simu mtu wa viazi. Nilimwambia pikapu auze kwa mwingine, kisha nikamuuliza kama ana mabati ya zamani.